Nanay Visitacion Palmos, Aliyeuza Elimu kwa Kijiko

Mwaka umezunguka, Nanay, mama yetu, tangu tukulaze kando ya Tatay, baba yetu, kwenye makaburi ya Jaro. Leo tunavua nguo nyeusi za msiba. Tulidhani mwaka ukiisha tutakuwa tumepumzika. Bado tumechoka.

Ulianza na dirisha. Dirisha la duka lako la sebuleni, ambapo uliuza kila kitu kwa kupima: kitunguu saumu punje moja, sigara moja, siki ya pilipili kijiko kimoja kwenye chupa aliyokuja nayo mteja. Jirani akiona haya kwa kununua kidogo, ulimwambia tumbo halijui kilo. Ukimkabidhi kitu chake hukusema asante. Ulisema, "Kesho tena."

Mwanafunzi wako wa kwanza alikuwa Consorcia, mfua nguo. Alikuja kwa siki, akasimama kukutazama ukimpigia taipu Tatay barua za bohari ya sukari alikokuwa karani. Akauliza kama mtu wa aina yake anaweza kujifunza.

"Chuo kizima hukiwezi, Inday," ulimwambia, kama ulivyomwita kila binti. "Unafua kutwa nzima. Nunua kijiko kimoja leo."

"Na nikikimwaga njiani?"

"Utarudi na chupa."

Chuo cha Biashara cha Palmos kilizaliwa hapo. Kilikuwa taipu moja, baadaye tatu, vitufe vimefunikwa kitambaa ili vidole vijifunze bila macho kuchungulia. Ulifundisha somo moja moja: leo barua ya kuagiza mzigo, siku nyingine kupanga bei, siku nyingine namna ya kumjibu mteja mkali usimpoteze. Wapagazi wa gatini walikuja na jasho lao. Wasichana wa kazi za ndani walikuja siku yao ya mapumziko. Hukumuuliza mtu aliishia darasa la ngapi.

Kisha tukakua. Mwanao Crisanto alitaka tuwe chuo cha kutoa shahada, na hatumlaumu, kwa maana sote tulitaka. Kibali kikapatikana. Jengo likapanda ghorofa moja baada ya nyingine hadi ya nne, duka likabaki chumba cha chini kabisa, kwenye kona. Taipu zikatoka, kompyuta zikaingia. Siku ya uzinduzi ulikuja na kandambili, ukakata utepe kwa mkasi wa dukani.

Lakini tuliacha kupima. Mtu alijiandikisha mwaka mzima au alibaki nje. Siku moja mlinzi alimrudisha getini mchuuzi wa samaki aliyetaka somo moja tu la kupanga bei. Ulishuka ngazi zote kumfuata, hukumkuta. Hukutugombeza. Jioni ulipika mbaazi na fenesi kwa nyama ya nguruwe, ukatupakulia sote, ndipo ukasema, "Mmeanza kuuza kwa gunia. Hapa Jaro nani ana mahali pa kuweka gunia?"

Tulikusikia, Nanay. Tulikuwa na shughuli nyingi.

Vijana wakaenda Manila, wengine wakavutwa na vyuo vyenye viyoyozi ndani ya majumba ya maduka. Ghorofa zetu zikazimwa taa, kuanzia ya juu. Ulipokuwa mgonjwa uliuliza imebaki ipi, nasi tukakuambia zote zinawaka.

Mwaka huu Herminia, kitinda mimba wako, ndiye aliyebeba funguo. Akatokea mnunuzi, akataka jengo lote pamoja na chumba cha duka. Crisanto alisema tusaini tulale. Herminia hakuwa na nguvu ya kubishana. Kilichomkwamisha ni dirisha tu, na hakuweza kueleza kwa nini.

Wiki iliyopita tulikuwa tukifunga wali wa kunata kwenye majani kwa ajili ya leo, mkataba ukiwa mezani pale pale, Consorcia akabisha dirishani. Kichwa chote sasa ni mvi. Mkononi alikuwa na chupa tupu.

"Siki hatuuzi tena, Manang," Crisanto alimwambia, kama anavyoitwa dada mkubwa.

"Siki ninayo, Toto. Nataka kujua kuuza wali ninaopika siku hizi kwa simu, kama hawa watoto wanavyofanya. Somo moja. Kwa umri huu, ukiniambia nijiandikishe mwaka mzima utakuwa unanitania."

"Sasa chupa ya nini?"

"Nanay wako alisema nirudi nayo."

Crisanto alinawa mikono, akaikausha polepole. Akachukua kalamu, akakifuta kile chumba kwenye mkataba. Mnunuzi alipoletewa alinuna, kisha akakubali.

Kwa hiyo ghorofa zako zimekwenda, Nanay. Tumelia, na hatutakuficha, tumepumua pia. Kimebaki chumba kimoja, meza mbili na dirisha. Jana Herminia alimfundisha Consorcia. Alikuwa amechoka, na somo lilikuwa fupi. Mwanafunzi aliponyanyuka kwenda, Herminia akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Kesho tena."

Misa ni leo asubuhi katika kanisa kuu la Jaro, kisha chakula katika chumba cha duka. Ambaye hatapata nafasi ndani atapakuliwa dirishani.

Wanaokukumbuka ni wanao Crisanto na Herminia, mkweo Milagring, wajukuu zako Anselmo na Corazon, dada yako Salud aliyeko Guimaras, na wote waliowahi kununua kwako kidogo.

Tutakukumbuka siku zote, Nanay, kijiko kimoja kila siku.