Marehemu Aliyebeba Chungu

Mpendwa Bi Swaumu,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha nne, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mama yangu Raheli, na kila Jumapili tukitoka kanisani husoma ukurasa wako kabla gazeti halijaenda kufungia maandazi, ndiyo maana nimepata moyo wa kukueleza jambo linaloninyima raha.

Bila shaka unamfahamu Bi Evodia wa kipindi cha "Nyumba Maridadi" katika televisheni, yule anayekunja vitambaa vya mezani hadi vikafanana na bata, ambaye sasa ana duka la mapazia, ana sabuni yenye picha yake, na ana chuo cha kuwafundisha mabibi harusi kupanga sebule. Yule ni mama yangu mdogo. Yeye na mama wametoka tumbo moja, wamezaliwa Zuzu, na mama ndiye aliyembeba mgongoni, ingawa kwenye kipindi husema amekulia "sehemu mbalimbali". Tangu televisheni ziruhusiwe nimekuwa nikimtazama kwa jirani yetu Mzee Bashiri mwenye dishi, na nikiwa peke yangu husimama mbele ya kioo nikasema "wapenzi watazamaji", kwa sababu na mimi natamani kuwa mtangazaji.

Mwezi uliopita Mama Mdogo alikuja na gari la wapiga picha kutengeneza kipindi cha vyakula vya asili, akasema nitaonekana naye, na nikifanya vizuri atanichukua Dar es Salaam nisome kidato cha tano huku nikimsaidia kwenye kipindi. Nilifurahi sana, nikapiga pasi gauni langu zuri, lakini yeye akanipa kanga iliyochakaa, kisha akanifundisha maneno ya kusema, kwamba mimi ni yatima, kwamba aliniokoa kwenye dhiki, na kwamba kupika mlenda amenifundisha yeye. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nusu ya habari ni kweli, lakini mama yupo, na wakati naambiwa hayo alikuwa nyuma ya nyumba anaupika huo mlenda, maana Mama Mdogo amesahau hata magadi hutiwa wakati gani.

Nikaenda kumwuliza mama. Hakukasirika. Alisema, "Sema tu, mwanangu. Nikiambiwa nimekufa si ndiyo nitapumzika? Ila wasinizike na chungu changu, bado nakihitaji." Akacheka, halafu akaendelea kukoroga muda mrefu bila kuniangalia.

Mezani walitandika kitambaa cheupe, wakaweka maua ya plastiki na uma na visu, Bi Swaumu, kwa ajili ya ugali wa uwele na mlenda! Mama Mdogo akachota kwa uma, mlenda ukavutika kutoka kwenye sahani mpaka kidevuni, na mpiga picha anayeitwa Damas akauliza, "Dada, hiyo tuikate kwa kisu au tulete mkasi?" Ikabidi warudie. Mimi nikasema maneno yangu vizuri mpaka nikafika "sina baba wala mama", na hapo hapo mama akatokea mlangoni na chungu kingine cha moto, akidhani tumeshamaliza, nami bila kufikiri, kama nilivyofundishwa tangu utotoni, nikainuka, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Mama, nikupokee."

Mama Mdogo akapiga kelele, "Zima! Zima! Marehemu habebi chungu!"

Damas alicheka hadi kamera ikatikisika. Mama akakiweka chungu chini, akasema, "Samahanini," akarudi jikoni.

Sasa wanarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi kurekodi upya, na Mama Mdogo ameagiza mama apike asubuhi na mapema, kisha aende kushinda kwa ndugu zetu Msalato asije akaharibu tena. Mama amekubali. Shule naitaka, televisheni naitaka, wala sipendi kumkosea heshima Mama Mdogo, lakini ile "samahanini" haijanitoka masikioni, kwa kuwa sijui mama alikuwa anaomba samahani ya nini. Je, nikisema uongo ambao mama mwenyewe ameuruhusu, nitakuwa nimekosa?

Wako mtiifu,
Anastazia

*

Anastazia mwanangu, marahaba.

Majina yote nimeyabadilisha, pamoja na la kipindi. Bata wa vitambaa nimewaacha. Atakayejitambua ajitambue.

Kwanza, pole kwa msiba. Ni nadra sana kupata msiba ambao marehemu amewapikia waombolezaji mwenyewe, tena akaagizwa aondoke kabla hawajaanza kula.

Pili, mpe Mama Mdogo hongera zangu. Nchi imefungua milango ya biashara, wengine wanauza mitumba, wengine redio za Dubai, yeye ameona amwuze dada yake. Na huo uma wa kulia mlenda ni uvumbuzi mkubwa. Nimeujaribu nyumbani kwangu, na mpaka naandika hapa gauni langu liko kwenye kamba. Kama ile sabuni yenye picha yake inatoa mlenda, nitumiwe mche mmoja.

Sasa nije kwako, maana nawe usijione umepona. Acha kujificha nyuma ya "mama ameruhusu". Umeandika kwa mkono wako kwamba alikoroga bila kukuangalia, halafu unaniuliza mimi! Mama yako hakuruhusu uongo, ameruhusu shule. Angeambiwa ajifanye mbuzi ili wewe usome, angelia mee na kula majani. Usikubali Mama Mdogo amfikishe huko. Na ile samahani aliomba kwa sababu yu hai, mwanangu. Aliiomba nyumbani kwake, mikono ikiwa imetoka kushika chungu cha moto.

Unaogopa kumkosea heshima Mama Mdogo. Heshima ipi? Kati ya watu wote waliokuwa pale, wa kwanza kuinuka na kumpokea Raheli chungu alipaswa awe mdogo wake aliyebebwa mgongoni. Yeye alikuwa amekaa, uma mkononi.

Fanya hivi. Mama asiende Msalato. Jumamosi avae gauni lake la kanisani. Gari likifika, kabla kamera hazijashushwa, mpe Mama Mdogo shikamoo yake, kisha mwambie kwa adabu kwamba utaonekana kama mtoto wa dada yake, na kwamba mpishi ataonekana akipika. Uma zirudi garini. Akikataa, akaondoka na shule yake, utalia kidogo, halafu utafungua vitabu. Kidato cha tano watu huingia kwa kufaulu mtihani, si kwa kufiwa.

Kuhusu utangazaji, hukuniuliza, lakini nitakujibu. Wapo wanaokaa mbele ya kamera miaka mingi wakijitahidi kusahau kwamba ipo, na hawawezi. Wewe uliisahau siku ya kwanza.

Na Mama Mdogo akikubali, huna maneno mapya ya kukariri. Mama akitokea mlangoni na chungu, inuka umpokee, na umwambie Damas asizime.

Bi Swaumu