Ngazi Iliyobaki Tagbak

Tagbak,
Santa Eulogia,
14 Mei 1987

Mpendwa mdogo wangu Crisanto,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na joto la huko Bahrein halijakumaliza. Mguu umepona? Sisi tunapumua. Nazi zimezaa, na mvua imeanza kugusa mlima.

Sasa niseme, maana nikinyamaza nitapasuka.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba meya alipanda huku akihema kama ng'ombe, akatuambia kijiji chenye nyumba pungufu ya thelathini kitaunganishwa na Lawaan kule bondeni, na shule itahamia huko. Sisi tulikuwa na thelathini kamili, ya baba aliyokuachia wewe ikiwamo. Ukanijibu, "Dada, hiyo haing'oki, nitazeekea humo." Basi nikawa nawasha moto humo kila jioni, nafagia, natundika mapazia, isije ikaitwa gofu.

Jumamosi wakaja wanaume wa Lawaan na mianzi mabegani. Padri alikuwa ametuahidi watu wa kulisogeza kanisa letu mbali na ukingo unaomomonyoka, nikajua ndio hao. Na desturi unaijua: majengo yetu ya mianzi na makuti hubebwa mazima mabegani, na mbebaji halipwi, hulishwa. Nikapika uji wa mchele kwa tui, viazi na ndizi, katika sufuria ile ya harusi yako.

"Dada Iluminada, ongeza ndizi! Mzigo haubebwi na tumbo tupu!" alinitania Ponso, shemeji yako, ndugu wa mkeo.

"Kula ukue, labda utapata mke," nikamjibu. Tukacheka wote, nami nikamwongezea.

Walipokwisha kulamba bakuli, wakalipita kanisa. Wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa baba, wakaanza kupenyeza mianzi chini ya sakafu.

"We Ponso! Kanisa liko kule!"

Hakunitazama. "Katutuma Crisanto, dada. Kiwanja cha mama yangu kiko tayari, kule Lawaan kando ya barabara. Kwani hakukwambia?"

Hukuniambia, Crisanto! Mimi niliyekubeba mgongoni mama alipofariki, nilisikia habari za nyumba ya baba kutoka kinywani mwa Ponso, bakuli langu bado mkononi mwake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Ungesema tu kwamba mkeo anataka kukaa kando ya barabara, ningelia, tungegombana, yangeisha. Lakini uliniacha niwashe moto kila jioni kama mjinga.

Wakainyanyua na mapazia yangu yakipepea. Nilisimama pale mpaka walipopotea kwenye minazi.

Juzi karani wa meya alikuja kuhesabu nyumba. Ishirini na tisa. Hakuna cha kuomba wala cha kusihi. Shule itafunguliwa Juni kule Lawaan, na mto wetu unaujua wakati wa mvua. Daraja hatuna. Mdogo kuliko wote watakaovuka ni Adelfa, mjukuu wangu, mtoto wako wa ubatizo.

Shangazi Basilisa anakusalimu. Anauliza ukija utafikia wapi. Nisalimie mkeo, bila kinyongo, kwa kuwa ahadi hakuitoa yeye.

Mungu akutunze huko uliko, akurudishe salama.

Ngazi ya kupandia nyumba ya baba waliiacha, hawakuihitaji. Jana niliiburuta hadi mtoni, nikailaza pale pa kuvukia watoto. Haifiki ng'ambo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, na ndiyo maana inaniuma,
Iluminada