Mashine Yako Hailii Tena Shingoni Mwangu

Masanja mjukuu wangu,

Huna haya! Kutoka Nyasubi mpaka hapa kwangu ni bodaboda moja tu, na mwaka umeisha hujaniletea Kabula, mwanao mwenye jina langu. Nakuandikia waziwazi, majirani nao wasome.

Hospitali walinipa dawa ya mionzi kwa ajili ya rovu. Wakanikataza kubeba mtoto mchanga kwa majuma machache, nikatii. Unakumbuka ulivyokuja na mashine ya chuo ya kupimia mionzi, ukaielekeza shingoni mwangu? Ikalia kama bisi kwenye sufuria. Mimi natafuta mlango, wewe unachekelea. "Tulia, Bibi! Nataka kujua itachukua muda gani kupungua nusu."

Ukawa unakuja kila asubuhi na kamba yako ya kupimia umbali, mashine isisogee karibu wala mbali kuliko jana. Nikijikuna unanigombeza, mimi niliyekuogesha! Ukanieleza kwamba dawa yenyewe kwa siku nane hubaki nusu, kisha nusu ya hiyo nusu. Kwangu ikawahi zaidi, maana nyingine ilitoka na mkojo. Hata mkojo wangu uliufurahia. Siku ya mwisho ukaiweka shingoni, ukaiweka na kwenye jiwe langu la kusagia. Kote kuwili ikalia vilevile, moja moja, kivivu. "Wabeja, asante Bibi. Kila kitu hulia kidogo hivi; sasa wewe na jiwe ni sawa." Ukaenda zako, ukapata digrii kwa shingo yangu.

Juzi nikampigia mkeo. Akajibu kwa adabu, "Shikamoo Bibi. Masanja alisema kila nusu inabaki na nusu yake, haiishi. Tungoje kwanza mtoto akue." Nikakusikia nyuma yake unakohoa. Hukumsahihisha.

Mkeo simlaumu, anamwogopea mwanawe, na maneno ya nusu aliyapata kwako. Lakini wewe masikio yako yalisikia jiwe. Basi na mawe mnayakimbia? Unaona heri nionekane sumu kuliko kubishana na mke! Mtoto sasa anatembea. Nimemwona kwenye picha, katika simu ya jirani, amevaa viatu vyekundu. Akilia hata sauti yake siijui.

Leo hii mwambie mkeo ulichokisikia, chote, bila kukohoa. Jumapili mniletee mtoto. Ukija bila yeye, usishuke kwenye pikipiki.

Mimi bibi yako,
mama mzaa baba yako