Jiko la Kiwanda cha Magodoro

Jumatatu, 2 Machi

Vitumbua vimeisha mapema. Wafanyakazi wapya wengi getini, ovaroli bado zina mikunjo ya dukani. Kiwanda cha magodoro kimeongeza zamu. Alhamdulillahi. Viwanda vya hapa Joburg vikiajiri, na sisi wapishi wa nje tunapumua.

Ila kuna habari. Madamu wa ofisini kaja mwenyewe mpaka mezani kwetu. Wanafungua jiko ndani, na getini hakuna kuuza tena. Jiko atapewa mmoja: sisi, au kampuni moja ya mjini yenye magari meupe. Kila upande utapika mchana mmoja, wafanyakazi waseme. Mimi na Mama Bea, mwenzangu Mkongo, tumeshikana mikono kama wasichana. Halafu nikaogopa. Tukikosa jiko, tumekosa na geti.

Jumanne, 3 Machi

Kampuni imepika leo. Kuku, wali, saladi, sahani zinang'aa. Nimechungulia dirishani. Wivu umenishika. Nikaomba toba palepale, nimefunga mimi.

Mama Bea naye kafunga. Kwaresima yao, hali kitu mpaka jioni. Mwaka huu mifungo imekutana. Anasema Mungu anasikia matumbo yetu yakinguruma pamoja. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumatano, 4 Machi

Zamu yetu. Ya Rabi!

Maharage ya nazi, chapati, kachumbari. Harufu imejaa kiwanda kizima. Sahani ya kwanza kachukua Bra Sipho, dereva wa foklifti, mtu mzima, mteja wangu wa siku zote. Katia mdomoni. Kasimama.

"Eish, Mama Zuhura! Leo umetupikia bahari?"

Nikamwambia Mama Bea, mbona chumvi nimetia kama kawaida. Akashika kichwa.

"Na miye niliweka, dada! Pale ulitoka kununua nyanya!"

Wapishi wawili, hakuna aliyeonja. Kugusisha ulimini na kutema kunaruhusiwa kwa mpishi aliyefunga, najua. Mimi mwoga. Nikalia mbele za watu.

"Wacha kulia," Bra Sipho akasema. "Chapati weka pembeni. Pap iko wapi?"

Pap ndiyo ugali wao, na hawautii chumvi. Kaenda mwenyewe spaza, kile kiduka cha mtaani, karudi na unga begani. Mama Bea akausonga kama anapigana na mtu. Wakala. Wakanywa maji, wakatucheka mpaka kengele ikalia. Sufuria zimerudi tupu, lakini pengine ni huruma tu. Nimefuturu tende moja. Sina hamu.

Alhamisi, 5 Machi

Hakuna simu. Binti yangu kanibembeleza kwa Kizulu nisijitese. Nikamjibu kwa Kiswahili aende akaswali.

Ijumaa, 6 Machi

TUMEPATA!

Madamu kawauliza wafanyakazi, na Bra Sipho ndiye kawasemea: "Ile ya chumvi tuliimaliza. Ile ya magari meupe tuliihurumia." Sharti ni moja. Mpaka mifungo iishe, Bra Sipho ndiye muonjaji wa kila sufuria. Kakubali haraka mno.

Mama Bea kapiga vigelegele barabarani, magari yakasimama na robot, taa ya barabarani, ni ya kijani. Mimi nimesujudu kando ya geti, vumbi na yote.

Na yule dada Mmalawi wa mahindi ya kuchoma, naye getini hana tena nafasi, tumemwambia aje afanye kazi kwetu. Mimi, kuajiri mtu! Natamani mama angekuwa hai nimwambie.

Jumamosi, 7 Machi

Tumesafisha jiko. Mama Bea kawahi mazoezi ya kwaya, nikabaki peke yangu.

Bomba lina maji ya moto. Miaka yote pale nje nimetawadha kwa chupa. Leo nimeyaacha yapite vidoleni, kidogo tu, israfu ni dhambi. Nikatandika kanga katikati ya majiko, nikaswali adhuhuri. Mashine zimezimwa.

Nilipotoa salamu, kulia masufuria, kushoto masufuria. Nikakaa kidogo bila kuomba kitu chochote.