Rehema Amehamia Louisiana kwa Ajili ya Moyo Wake

Jumapili, Pearland, Texas. Mawingu mazito, joto la kukaba.

Leo nimemhamisha Rehema.

Mimi ni nesi. Yeye ni rafiki yangu wa mji jirani wa Stafford, mtu wa Mombasa, kazi yake kuhudumia wazee majumbani mwao. Au ilikuwa, mpaka moyo ulipoanza kuchoka. Akipanda ngazi tu anahema. Alipopunguza zamu, kipato kikashuka chini ya kiwango kinachotakiwa, hata msaada wa serikali wa kununua bima akaukosa. Akawa analazwa kupitia idara ya dharura, anatolewa, anarudi tena.

Hapo ndipo siasa inaponiuma. Serikali kuu kule Washington ilijitolea kubeba sehemu kubwa ya gharama kwa kila jimbo litakalowapa bima ya serikali watu wazima wa kipato kidogo. Mahakama ikasema majimbo yasilazimishwe. Basi jimbo moja likakubali, jingine likafuata, na jirani zetu wa Louisiana nao wakaingia. Texas ilikataa. Bado inakataa. Serikali kuu inaweza kulivuta jimbo kwa pesa, kulisukuma haiwezi.

Nilimweleza Rehema haya yote jikoni kwake, nikidhani napiga stori tu. Alinisikiliza, kisha akauliza ni mwendo wa saa ngapi kwa gari hadi Shreveport, huko Louisiana, anakoishi dada yake.

Tangu siku ile silali vizuri.

Njiani leo, binti yake Salma aliuliza kwa Kiingereza kwa nini wahame, na hii yote ni nchi moja. Mimi nilikuwa nimeshika usukani. Mama yake ndiye aliyemjibu, polepole, akitafuta pumzi.

"Ni nchi moja, mwanangu. Lakini huku wananitibu nikishazidiwa. Kule watanitibu kabla sijazidiwa."

Tukavuka mpaka wa Louisiana.

Dada yake alitupokea kwa pilau. Ombi la bima watalipeleka wiki hii. Ana green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, tangu miaka mingi, natumaini litapita. Wakati wa kuagana Rehema alinishika mkono, akaniambia nisimwonee huruma, nimwombee. Hakulia. Nililia mimi, ndani ya gari, nikirudi Texas peke yangu.

Alfajiri naingia zamu. Mgonjwa wa kwanza akiniambia hana bima, nimwambie naye ahame?