Majina ya Waliombeba Baba Yako

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
9 Machi 1997

Mpendwa binti yangu Buthaina,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo mwanangu? Mumeo Mmanga hajambo? Na Nihal, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mola, ukiondoa magoti yangu, ambayo yameacha kunitii tangu Ramadhani. Tarawehe zote nilisali nimekaa.

Mama yako hajambo. Eda yake inakwisha juma hili, inshallah. Chakula anakigusa tu, lakini ameanza tena kushona kofia, nami nimelichukua hilo kuwa ni heri. Karafuu mwaka huu zilizaa vizuri, bei ndiyo haikuzaa. Paa la ukumbini lilikuwa linavuja upande wa kibla, nimelitia bati mbili mpya.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniomba majina ya watu waliombeba marehemu ndugu yangu Saud, baba yako, uwatie katika dua zako kila Alfajiri. Umesema Yasser alikwambia kwa simu kuwa mji mzima ulikuja kumzika, na kwa kuwa mji mzima huwezi kuutaja, unataka walau majina ya walioshika jeneza. Nimekaa na ombi hilo wiki tatu.

Mwanangu, nduguyo hakukwambia kweli. Alikuonea huruma, usimlaumu. Hata mimi ningekuonea huruma, lakini katika jambo hili nina kosa langu, na mwenye kosa akikuonea huruma huwa anajificha tu.

Itanibidi nianze mbali kidogo. Unanijua. Baba yako alikuwa akinicheka kuwa mtu akiniomba maji, nitamweleza kwanza kisima kilichimbwa na nani.

Pale chuoni nafundisha insha vijana watakaokuwa walimu. Tangu vyama vingi virudi, mkuu wa chuo alitukataza siasa darasani. Ukitamka "haki" huyu anasikia chama kimoja, ukitamka "amani" yule anasikia chama cha pili. Lakini kijana wa miaka ishirini na mbili hajifunzi kujenga hoja kwa kuandika faida za ng'ombe. Nikatafuta uchochoro. Nikawaambia tubuni kisiwa kisichokuwepo duniani, na siasa zetu zote tuzifanyie huko. Wahenga wa Kiyunani na wa Kiarabu walibuni miji ili waulize haki ni nini, nasi kitatushinda nini?

Nikaweka sharti: jambo la ajabu liwe moja tu, la pili ni uvivu. Yaliyobaki yote yafuate akili. Binti mmoja wa Pujini, jina lake Mwatum, akaja na ajabu iliyowashinda wenzake wote. Kisiwani kwake kila mtu huzaliwa na mkono mmoja. Fikiri, Buthaina. Hakuna awezaye kufunga kamba peke yake, wala kuchambua karafuu, wala kumbeba mtoto huku anafungua mlango. Kila kitu lazima uazime mkono wa jirani.

"Na kuoga je?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Weye utajisugua nusu," Mwatum akamjibu, "nusu ya pili ukamwombe mkweo."

Walicheka mpaka darasa la jirani likatuma mtu kuuliza kuna nini. Kutoka kwenye kicheko kile tukaingia katika maswali mazito. Mkono wangu ni mali yangu au ni haki ya jirani? Mtawala anatiiwa kwa nini? Ahadi iliyopatikana kwa hila inamfunga aliyeitoa? Nimefundisha miaka thelathini na moja na sijapata kuona vijana wanaandika vile. Wanafunzi waliokuwa wakijaza ukurasa mmoja kwa taabu waliniletea sita.

Kwa ajili ya usalama nikaongeza sharti jengine: hakuna majina ya watu. Andikeni "raia", andikeni "mtawala", andikeni "msaidizi wa mtawala". Mtu asije kusema tumemtaja fulani. Nilijiona mwerevu sana.

Katika darasa hilo alikuwemo kijana wa Kojani anayekaa kwa shangazi yake hapa Madungu, anaitwa Talib. Huyo ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Mwezi wa tisa nilitoa swali: iwapo mtawala wa kisiwa kile amepata kiti kwa hila, je, raia wana haki ya kumnyima mkono msaidizi wake? Talib akajibu kuwa wanayo, katika uhai na katika mauti. Raia aliyenyang'anywa kauli, akaandika, amebakiwa na mkono tu, na mkono unaompa mdhalimu huduma ni mshahara wa dhulma. Msaidizi akifa, achukuliwe na wasaidizi wenzake. Wakiwa wachache, uchache huo ndio hukumu.

Nilimpa alama kumi na tisa kwa ishirini. Pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: Hoja haina ufa. Kisha nikaisoma mbele ya darasa kwa sauti yangu, nikisimama kila mahali pazuri ili waone ufundi.

Mtu akainakili. Wa pili akaipiga chapa, na alipokuwa akipiga chapa akakitoa kisiwa. Haikuchukua siku kumi ikawa inasomwa barazani baada ya Laasiri, haina tena mkono mmoja wala bahari ya kubuni, na kila mmoja anajua "msaidizi wa mtawala" ni nani kwao.

Sitaki kujipa ukubwa nisiokuwa nao. Kususiana kulikuwepo tangu uchaguzi wa mwaka juzi, ambao huku wengi wanaamini uliibwa. Watu hawakununua katika duka la asiye wa chama chao, harusi zilikosa waalikwa, ndugu wakapita njiani hawatoleani salamu. Lakini maziko yalikuwa bado. Jeneza likipita, aliyenuna alinyanyuka akatia bega, kisha akarudi kununa. Hapo ndipo watu walipokuwa hawajapata hoja ya kupavuka. Insha ya Talib ikawapa hoja hiyo, nami nilikuwa nimeisahihisha hadi nukta na mikato.

Baba yako alisimamia kituo kimoja cha kura na akatia saini fomu ya matokeo. Kwa kituo chake hesabu ilikuwa sawa, aliniapia, na Saud hakuapa ovyo. Yaliyotokea fomu zilipofika mbele hakuyajua. Lakini saini ilikuwa yake, na mwaka mzima majirani walimwona saini tu. Hakuwa hata mwanachama. Alichukua kazi ile kwa sababu ya hati yake nzuri.

Alikufa Jumapili asubuhi, tarehe tatu Novemba. Tukatangaza msikitini. Tukamwosha, tukamkafini, tukasubiri. Kibarazani viti vilikuwa vitupu. Milango ya mtaa ilikuwa imefungwa nusu, ile nusu ya mtu anayetazama. Ilipokaribia Adhuhuri mama yako alinijia mlangoni, akanena maneno ambayo mpaka leo nikisali yananikatiza.

"Shemegi, insha zako watu wameshazisoma. Sasa nitafutie watu wa kumbeba mume wangu."

Majina uliyoomba ni haya. Alibeba nduguyo Yasser. Walibeba Othman na Bakar, watoto wa shangazi yenu. Alikuwepo Shehe Abrahman, aliyetusalisha na asiyewauliza maiti wake chama. Alibeba Mzee Ngwali, mchuuzi wa samaki, ambaye hakuwa akimjua baba yako ila kwa "Waambaje, Mzee Saud" ya asubuhi. Alilishusha tenga lake mlangoni petu akaingia begani. Tangu siku ile hapati mnunuzi Madungu. Walikuwepo askari wa doria watatu kutoka Bara ambao hawakulijua hata jina la marehemu. Mmoja wao si Mwislamu. Alivua kofia yake, akauliza kwa adabu kama inafaa, Shehe akamwambia inafaa. Majina yao sikuyauliza, na hilo nalo ni juu yangu. Wa tisa ni mimi.

Kwetu jeneza halibebwi, linapita. Umekulia hapa, unajua: mtu hutia bega hatua chache, akapokewa na wa nyuma yake, akakimbilia mbele kupokea tena, na maiti anakwenda kama aliye juu ya maji. Makaburi yetu yako shambani, njia ya kwendea Pujini. Ni mwendo wa saa nzima, na sisi tulikuwa tisa, wawili kati yetu wazee. Tulilitua mara tatu. Tulimweka baba yako chini, ukingoni mwa njia, tukipumua kama wachukuzi wa bandarini, na watu wamesimama milangoni mwao wanatuona. Mara ya pili Yasser alilia. Akanitazama mimi, hakuwatazama wao.

Nyumbani wanawake walikuwa wachache vilevile. Mwatum alikuja kwa miguu kutoka Pujini, akaosha vyombo, akampikia mama yako uji. Nilipomshukuru alikuwa hataki kuniangalia.

"Maalim," akasema, "mie niliwapa mkono mmoja ili wahitajiane."

Baada ya hitima ya siku ya tatu nilimfuata Talib kwa shangazi yake. Alinyanyuka, akanipa kiti, akanipa mkono. Adabu hakuipoteza, na ndiyo iliyonichoma.

"Tulilitua jeneza mara tatu, Talib," nikamwambia.

"N'liona, Maalim. N'likuwepo hapa hapa."

"Ukakaa?"

"Kuzika ni fardhi kifaya. Mmezika, dhambi imetuondoka sote." Kisha akaingia ndani akatoka na daftari, akalifungua penye wino wangu. "Umeandika mwenyewe kuwa haina ufa. Nionyeshe basi. Au ufa umeonekana kwa kuwa maiti ni wa kwenu?"

Buthaina, nimefundisha hoja umri wangu wote, na nilichofanya ni kulifunga daftari lile na kumrudishia. Niliondoka. Jibu lilinijia baada ya siku nyingi, na nakuandikia wewe kwa sababu yeye hakurudi kuniuliza. Katika insha ile mna raia, mna mtawala, mna msaidizi wa mtawala. Hamna mtu. Hamna anayeitwa Saud, mwenye hati nzuri, aliyewaandikia mtaa mzima barua za maombi ya kazi bure, na hata ya babake Talib kule Kojani. Hoja ikishakosa watu inakwenda popote bila kujikwaa. Na aliyewakataza majina ni mimi. Nilidhani kisiwa cha kubuni ni ukuta wa kutukinga na siasa, kumbe niliwapa mahali pa kujizoeza ukatili bila kuumia, na nikawatolea alama.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja mitihani. Karatasi ya Talib ikaniangukia mimi kusahihisha. Yasser alijua. Akanijia akasema, "Ami, leo kalamu iko kwako. Asiwe mwalimu huyo."

Niliisoma karatasi ile mara nne nikitafuta pa kumshika. Ilikuwa karatasi nzuri. Nikampa kumi na sita, ndizo alizostahiki. Kumnyima ningekuwa nimeifuata insha yake: huyu si wetu, asipewe mkono. Nilimweleza nduguyo hivyo, kwa urefu, kama kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, Maalim." Si "Ami". Toka siku hiyo Yasser hanisalimu. Akija kumwona mama yako nami nimo ukumbini, hupita kama anayepita kando ya nguzo.

Talib amekwishapangiwa skuli. Anasomesha darasa la tano, na mtoto mkubwa wa Yasser yumo humo. Nasikia anasomesha vizuri.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sikukuandikia ili unipoze. Kama nawe utaona bora kunyamaza, nitaelewa, sitakudai jibu. Lakini ukiandika, nakuomba kitu kimoja: usiniambie kuwa ilikuwa kadari. Kufa kwa Saud ni kadari, na nimeiridhia. Kutuliwa kwake njiani ni kazi ya watu, na baadhi yao walisoma kwangu.

Mama yako anakusalimu, anasema usiache kumpigia simu siku atakayotoka eda. Bi Khairat, shangazi yako, anakusalimu, na Othman na Bakar pia. Nisalimie Mmanga. Mbusu Nihal kwa niaba ya babu yake aliyekwisha na huyu aliyebaki. Mungu akuhifadhi huko uliko, akukuzie watoto wako katika kheri, na akupe majirani ambao siku ya haja hawatauliza wewe ni wa nani.

Ni mimi nikupendaye, utajibu au hutajibu,
Ami yako,
Nasor