Nyasi za Mama Naserian

Dada Mwende mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana. Goti lako limepata nafuu? Mama anakula? Mimi ni mzima hapa Kitengela, ila tangu tuongee nimekuwa kama mtu aliyeganda. Nafua nguo za watu, naanika, sisikii kitu.

Uliniambia ndugu yetu Musyoka anataka malori yaingie shambani kwa Mama yachote mchanga wa mto, nami nikajibu kwenye simu, "Sawa tu." Sikuwa nimefikiria.

Sasa sikiliza. Jumamosi kanisani kuna mwalimu anatufundisha mashairi ya mazingira. Nilidhani ni kusifu maua na mbalamwezi. Kumbe shairi la namna hiyo linauliza hapa palikuwa na nini, nani amepaharibu, na mimi nilikuwa wapi. Mengi ni maombolezo. Kuna mengine mto wenyewe ndio unaongea, ama swara, kama jirani tu. Na yapo yanayokumbusha kwamba Mungu alituweka tutunze, si tumalize.

Alituambia kila mtu alete mistari yake. Mama Naserian, jirani yangu Mmaasai, akaja na nyasi kidogo mkononi. Kwao ukishika nyasi hivyo unaomba amani, hata wanaopigana wanaachana.

"Nimezunguka ploti baada ya ploti," akasema. "Ni simiti na mawe tu. Hii nimeng'oa kando ya mtaro wa maji machafu. Na hapa ndipo baba yangu alipochunga. Sasa nitaomba amani na nini?"

Mzee mmoja akamtania, "Mama, hiyo si shairi, ni chakula ya mbuzi!"

"Basi leta huyo mbuzi, kama uko na mahali pa kumweka."

Tulicheka. Mwalimu akasema hilo ndilo shairi, tuliandike. Mimi niliandika vile wewe na mimi tulikuwa tukichimba mchanga wa mto kwa mikono wakati wa kiangazi kutafuta maji, na Mama anatuambia tungoje maji yatulie ndio tuchote. Mistari minne. Sikulia. Bado silii.

Lakini Mwende, mchanga ukienda, maji yataenda nao. Mwambie Musyoka ile sawa yangu nimeirudisha. Akikasirika anipigie mimi, asikusumbue.

Nisalimie Mama, shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi wa kwaya. Mama Naserian amenipa majani mawili ya zile nyasi, nimeyatia ndani ya bahasha. Yashike mkononi ukimsomea Musyoka barua hii.

Mdogo wako anayekuombea,
Kanini